Aliyenifuta Mara Mbili

Wapo watu wanaosamehe na kusahau, wapo wanaosamehe wasisahau, halafu yupo Germana Haule. Huyu alikuwa hajamsamehe bado mtoto aliyemwibia rula darasa la nne kule Ludewa, na jina la mtoto huyo alilitaja kila alipochokozwa, ingawa sasa alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na tisa. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyejipa kazi ya kufungua simu za wenzake na kuona yaliyomo.

Kibanda chake kilikuwa Makambako, hatua chache tu kutoka stendi, mahali ambapo malori ya Zambia hupunguza mwendo na wauza mahindi ya kuchoma hukimbilia madirisha. Vioo vilivyopasuka alibadili, chaji zilizogoma alitengeneza, lakini kilichomjazia wateja ni simu zilizojaa. Madereva, walimu, wanakwaya, wote walifika na kilio kimoja kwamba simu imekataa kupiga picha. Germana alikuwa na sharti lake: hagusi picha ya mtu mpaka mwenyewe akae kwenye stuli, achague kwa mkono wake ipi ibaki na ipi iende. Alishaona watu wakilia kwa ajili ya picha ya marehemu iliyofutwa na fundi mwenye haraka, na hakutaka laana hiyo.

Yusto Mgaya alifika Jumamosi moja ya baridi kali, watu wamejaa hadi barabarani. Alivaa jaketi la kahawia lililojaa unga wa mbao mabegani, mabuti ya mpira, na penseli ameichomeka nyuma ya sikio. Germana alikuwa na sweta jekundu la shingo ndefu, kitenge amekifunga juu ya suruali, na glovu alizozikata vidole ili aweze kushika bisibisi.

"Kamwene, dada," Yusto alisalimia Kibena. "Simu imejaa."

"Imejaa nini?"

"Mbao."

Germana alidhani anataniwa, akaifungua simu, akakuta kweli. Mbao mwanzo, mbao katikati, mbao mwisho. Kijana alikuwa mpima mbao, na kila mzigo uliotoka alitakiwa aupige picha na aitunze, bosi wake asije akaambiwa mbao zilipungua njiani. Katikati ya mbao hizo palikuwa na mama mmoja mwembamba akipembua maharage, na ndama. Germana alimwonyesha namna ya kuziwekea alama ya moyo zile anazozipenda ili zisipotee katika kusafisha. Yusto alikaa kwenye stuli, akachagua polepole. Mama yake alipata mioyo sita, ndama akapata miwili, basi.

"Huna mtu mwingine?" Germana aliuliza kwa sauti ya kikazi, ingawa hakuna kazi yoyote iliyohitaji swali hilo.

"Si ndiyo nafasi unanitafutia?"

Germana aliinama kwenye simu ili asionekane anacheka. Alipomrudishia, Yusto alisema lazima aijaribu kama inapiga, akampiga picha yeye palepale, glovu na bisibisi mkononi, kisha akaiwekea moyo akiangaliwa. Germana akamwambia hiyo ilikuwa ya kujaribia tu, aifute.

"Picha haifutwi mpaka mwenye simu achague," Yusto alimjibu. "Nimeshachagua."

Hivyo ndivyo walivyoanza, na kwa miaka miwili na nusu hapakuwa na siku iliyopita bila simu ya saa saba mchana. Yusto angemuuliza fundi wake kama amekula, na yeye angemuuliza kama mbao zake zimekula. Germana Mpangwa, Yusto Mbena, makabila yanayotaniana, basi utani haukuisha. Picha nazo ziliongezeka. Pasaka wakiwa ufukweni Ludewa, Germana amekunja kitenge magotini. Germana na kitimoto mdomoni, amekasirika. Germana amelala kwenye basi, ambayo aliamriwa aifute akakataa. Alipozihesabu mara ya mwisho zilikuwa mia sita na kumi na mbili, na zote zilikuwa na moyo. Mwanamke mwenye kinyongo akipenda, anapenda kwa hesabu hivyo hivyo.

Kitu kimoja tu kilimkera, nacho ni kwamba Yusto hakuwahi kumpeleka kwao Mdandu. Kila alipodai, aliambiwa mama ana mambo ya shamba, yakiisha wataenda. Germana alivumilia, na kwake kuvumilia kulikuwa ni kuweka akiba.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe, mwezi wa saba mwishoni. Yusto alipita mbiombio, akaacha simu mezani, akasema imejaa tena, ana lori la kupakia, atairudia jioni. Kwa mpenzi, sharti la stuli lilikuwa limeshafutika zamani. Germana alimaliza simu ya mwalimu mmoja, akajifuta mikono, akaenda moja kwa moja kwenye mioyo ili ajiangalie kidogo kabla ya kazi.

Mama alikuwepo. Ndama alikuwepo. Kisha zikafuata picha kumi na moja za mianzi.

Mianzi tu. Mashina ya mianzi ya ulanzi, ile inayogemwa pombe na kuota mabondeni kote Njombe na ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipiga picha. Kila moja ilikuwa na moyo wake. Germana alishusha kidole mpaka chini, hajajiona. Akaangalia picha zote, miezi yote, miaka yote miwili na nusu. Mbao zilikuwepo, hazijapungua hata moja. Yeye hakuwepo hata kwa kivuli.

Na hapa ndipo ufundi unapomuumiza mwenyewe. Mtu mwingine angesema labda simu imekosea. Germana alijua picha ikifutwa huingia kwanza kwenye kapu la taka la simu, inakaa humo mwezi mzima ikingoja mwenyewe abadili mawazo. Alifungua kapu, akakuta tupu. Maana yake Yusto alimfuta mara ya kwanza, akamfuata kapuni, akamfuta mara ya pili, na simu ikamuuliza una uhakika, naye akajibu ndiyo.

Aliiacha bisibisi ikadondoka, akalaza kichwa mezani. Devota, jirani yake anayeuza masweta ya mitumba, aliingia akidhani ameugua. Aliposikia kisa alimwambia hasira hasara, amuulize mwenyewe kwanza, pengine kuna jambo. Germana akakubali, kwa shida.

Jioni Yusto alirudi, akakaa, akamiminiwa chai. Germana aliuliza bila kumtazama.

"Ile picha yetu ya Pasaka bado ipo?"

"Ipo," Yusto alisema, akipuliza chai. "Zote zipo, mpenzi. Nitazipeleka wapi?"

Alisema hivyo bila kupepesa. Kama angesema ukweli saa ile, kisa hiki kingeishia kwenye ugomvi wa jioni moja na kingesahaulika. Lakini alidanganya, na alimdanganya mtu ambaye dakika ishirini zilizopita alikuwa ameishika simu hiyo mkononi. Germana alimwambia simu haijaisha, aiache mpaka kesho.

Asubuhi alifunga mlango wa kibanda kwa ndani. Alizifungua zile picha kumi na moja, moja baada ya moja, akazivuta kwa vidole viwili mpaka jani moja likajaa kioo kizima. Alitafuta mwanamke aliyejificha nyuma ya shina. Alitafuta kivuli cha gauni, mkoba, kiatu, chochote kilichoweza kueleza mianzi ina nini ambacho yeye hana. Alirudia mara tatu, mara nne. Alichoona ni mianzi, maji, mawe, na mwanamume mmoja mwenye koti la mvua. Kutokumkuta mwanamke ndiko kulikomuuma zaidi, maana angemkuta angalau angejua wa kugombana naye.

Hakuzifuta. Kufuta ni kumaliza, na Germana hakutaka yaishe, alitaka yaanze. Alizihamishia humo humo ndani ya simu, kwenye folda ya siri yenye kufuli, asiyoiona mtu asiyejua ilipo, akaifunga kwa namba anayoijua yeye peke yake. Akasafisha takataka nyingine kama kawaida, akaifuta kioo vizuri, akamrudishia mwenyewe pamoja na tabasamu.

Siku mbili baadaye, saa saba kamili, simu ikaita.

"Fundi wangu, kuna picha sizioni."

"Picha gani?"

"Za mianzi."

"Mianzi?" Germana alijifanya hamnazo. "Una picha za mianzi? Za nini?"

Ndipo Yusto akamweleza mambo ya shamba aliyokuwa akiyaficha kwa aibu. Mama yake alikuwa na kinyungu bondeni, ile bustani ya kiangazi ambayo mama huyo mjane alilima kabichi na mahindi mabichi yaliyomsomesha Yusto. Marehemu baba yake, mzee Yosefu, alikuwa ameizungushia mashina kumi na moja ya mianzi kuonyesha mpaka. Nikodemo, mtoto wa baba yake mkubwa, alikigombea miaka yote hiyo, na wiki tatu zilizopita akaing'oa mianzi yote, akapanda viazi juu yake, na sasa anasema mpaka ulikuwa kwenye mfereji, ndani kabisa, kwa hiyo nusu ya kinyungu ni yake. Majirani waliogopa kusema. Shauri lilikuwa mbele ya baraza la kata, Alhamisi ya pili kutoka siku hiyo. Picha zile zilipigwa asubuhi ya siku mianzi ilipong'olewa, na hapakuwa na ushahidi mwingine.

Moyo wa Germana ulilegea kidogo, nisimsingizie. Alifungua mdomo aseme. Lakini akataka kwanza kumpa nafasi nyingine ya kuwa mkweli.

"Na zetu, je? Nazo hazionekani?"

"Zetu zipo," Yusto alisema haraka. "Hizo ziko salama."

Ulimi wa Germana ukarudi ndani. Akamwambia basi kama zao zipo, hata za mianzi zitakuwepo, aendelee kutafuta, na amwombe Mtakatifu Antoni, mtafutaji wa vilivyopotea.

Zile siku zilizofuata zilikuwa tamu kwake kuliko Pasaka ya Ludewa. Yusto alipiga asubuhi, akapiga mchana, akapiga jioni. Aliambiwa azime simu awashe, akazima akawasha. Aliambiwa atoe laini, akatoa. Aliambiwa huenda ni kirusi. Siku moja sauti ilimkatika, akaomba radhi, akasema amekabwa na vumbi la mbao, na Germana akajua hilo si vumbi. Alipokata simu alimwigizia Devota ile sauti mpaka mwisho. Devota hakucheka. Alikunja sweta alilokuwa ameshika, akasema kinyungu ni cha mama wa watu, mama huyo hakumfuta mtu.

"Nitazirudisha," Germana alisema. "Jumatano. Ila kwanza aniambie kwa kinywa chake kwamba alinifuta. Asiposema, Jumatano hiyo hiyo nitamwonyesha mimi."

Na hilo alilimaanisha. Alikuwa amepanga mpaka nguo atakayovaa.

Jumatano alasiri Yusto alitokea. Hakuwa na unga wa mbao. Alivaa shati la pasi na viatu vya ngozi, katokea Njombe mjini. Alikaa kwenye stuli ileile ya wateja, akaweka simu mezani, akasema kwa uchovu kwamba baada ya Germana kushindwa, ameipeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Ramadhani, kule mjini, anayeitwa Frederick, mtu mwenye kompyuta kubwa. Frederick alinakili kila picha iliyoonekana, kisha akasema kirusi kimekaa chini kabisa, akaiflashi simu. Picha za mianzi hazikupatikana. Angalau simu sasa ni nyepesi.

Germana aliinyakua. Alikwenda ilipokuwa folda yake. Hapakuwa na folda, wala kufuli, wala mahali pa kuandika namba. Kuflashi kunakomba vyote, vinavyoonekana na vilivyofichwa. Hilo alilijua kabla hajajua kupika.

"Gema, kuna jambo nimekudanganya," Yusto alisema, na Germana akatamani anyamaze, lakini ndiyo kwanza alikuwa ameanza. "Picha zetu hazipo. Nilizifuta mwenyewe. Ile asubuhi nilikuwa nimesimama pale bondeni, Nikodemo na watu wake wanashuka na mapanga, nikatoa simu, ikasema imejaa. Mbao za bosi sina ruhusa kuzigusa. Nikafuta zetu, ikasema bado. Nikaenda kwenye kapu nikamaliza kabisa, ndipo ikakubali."

"Kwa nini sisi?" Germana aliuliza.

"Kwa sababu wewe upo. Nilijua kesho yake nitakuja hapa nitakuona. Ile mianzi kesho yake isingekuwepo. Nikaona nikikueleza utaumia, nikasema nitaanza kupiga nyingine taratibu, hutajua."

Kuna wakati mtu mwenye kisasi hupewa kila alichokitaka, na anakikuta hakiliki. Germana alikaa chini kwenye boksi la chaji. Angeweza kunyamaza. Frederick wa Ramadhani angebeba lawama zote na Yusto angemlilia yeye begani. Alilifikiria hilo, lazima isemwe, alilifikiria kwa muda wa kutosha kuona aibu.

"Yusto, zilikuwemo humu humu. Mimi ndiye niliyezificha. Zilikuwemo mpaka leo asubuhi."

Yusto alimwangalia kama hajasikia vizuri.

"Tangu lini?"

"Siku kumi na tatu."

"Siku ile nilipokupigia, sauti ikanikatika. Ulikuwa unajua ziko wapi?"

"Nilikuwa najua."

Hakupiga kelele. Alichukua simu yake, akavaa kofia, akatoka, na alipofika barabarani alisimama akisubiri lori lipite kama mtu mwingine yeyote. Germana alimwita mara moja tu, kisha akaona hana haki ya kuita mara ya pili.

Alhamisi aliamka mapema, akavaa kitenge cha kanisani na sweta jeusi, akapanda gari la kwanza kwenda Mdandu, kijiji ambacho kwa miaka miwili na nusu alikuwa akiahidiwa. Aliuliza njia ya ofisi ya kata kwa kila aliyekutana naye. Alipoingia, baraza lilikuwa limeshaanza. Mwenyekiti wake, mzee Agustino, alikuwa na miwani iliyofungwa uzi. Mbele yake, upande mmoja, alikaa Nikodemo, mnene, koti la suti juu ya sweta. Upande mwingine alikaa Yusto na yule mama mwembamba wa kwenye picha, kitambaa kichwani, mikono ameikunja mapajani.

Nikodemo ndiye aliyekuwa akiongea. Alikuwa anauliza picha ziko wapi, maana kijana amewatangazia watu mwezi mzima kwamba anazo. Mzee Agustino akamgeukia Yusto.

"Zimepotea," Yusto alisema.

"Zimepoteaje?"

Yusto alikuwa na jina la kutaja na hakulitaja, na hilo lilimchoma Germana kuliko matusi yote ambayo angeyapata. Akasimama kule nyuma alikokuwa.

"Mzee, hazikupotea zenyewe. Niliziondoa mimi."

Watu waligeuka. Mzee Agustino akamuuliza ni nani. Alisema anaitwa Germana Haule, fundi simu wa Makambako, na kwamba alikuwa mchumba wa Yusto mpaka jana. Alieleza yote mbele ya watu ambao ndiyo kwanza wanamwona: kufutwa kwake, hasira yake, folda ya siri, siku kumi na tatu. Mama mmoja pembeni akaguna kwa nguvu. Mama Yusto hakuguna, alimtazama tu.

Nikodemo akacheka. Akasema basi shauri limekwisha, picha hazipo, na anayesema zilikuwepo ni mpenzi wa mdai.

"Umewahi kufika kwenye hicho kinyungu?" mzee Agustino alimuuliza Germana.

"Sijawahi. Hata Mdandu hii ndiyo nimefika leo."

"Sasa utatusaidia nini?"

"Nilizitazama, mzee. Uliza chochote kilichokuwa kwenye zile picha."

Mzee alimwambia aseme mwenyewe anachokumbuka. Germana alifumba macho, na zile picha zikaja, jani kwa jani, kwa sababu hasira ilikuwa imezichimbia kichwani. Alisema shina la kwanza lilikuwa limeinamia mto, na chini yake kuna jiwe bapa lenye povu la sabuni. La tatu lilikuwa na mianzi miwili mikavu imevunjikia upande wa juu. Kwenye la sita palikuwa na jembe la zamani, bila mpini, mianzi imeota ikalizunguka mpaka likabaki ncha. Kati ya la nane na la tisa kulikuwa na jiwe limezikwa nusu, limechongwa msalaba, na mkono mmoja wa msalaba ni mfupi. Chini ya jiwe hilo ardhi ilikuwa nyekundu, juu yake nyeusi.

Mama Yusto alikuwa ameweka kiganja mdomoni, maana msalaba ule mumewe aliuchonga yeye akiwa ameshika taa.

"Na picha ya kumi na moja," Germana alimalizia, "alikuwemo yeye, Nikodemo, na koti la mvua la njano. Panga alilishika mkono wa kushoto."

Watu wote wakaangalia mkono wa Nikodemo uliokuwa unashika kalamu. Ulikuwa wa kushoto, naye akaiweka kalamu chini, akiwa amechelewa.

"Binti, mtu anakumbukaje jiwe kwa namna hiyo?" mzee Agustino aliuliza.

"Nilidhani ndiyo mianzi iliyochukua nafasi yangu, mzee. Niliitazama kama mtu anavyomtazama mke mwenzie."

Kicheko kikapasuka, hata mwandishi wa baraza akainamia karatasi zake. Mzee Agustino alisubiri kiishe, akasimama, akasema baraza linahamia bondeni.

Walishuka wote. Viazi vya Nikodemo vilikuwa vimekaa mistari mizuri kutoka mtoni hadi kwenye mteremko. Germana aliambiwa atangulie, asiongozwe na mtu. Alitafuta jiwe bapa la kufulia, akalipata mtoni, akahesabu kwa macho kutoka pale, akapanda na ukingo mpaka ardhi ilipogeuka kutoka nyekundu kuwa nyeusi. Akasema hapa. Vijana wawili walichimba. Jembe la kwanza lilileta mizizi minene ya mianzi iliyokatwa. La nne liligonga jiwe. Walilifuta udongo kwa mikono, na msalaba ukatokea, mkono mmoja mfupi.

Nikodemo alisema mawe hutembea na mvua. Hakuna aliyejishughulisha kumjibu. Mzee Agustino aliandika palepale, karatasi ameiweka juu ya mgongo wa mwandishi, kwamba pande zote zimeoneshwa mpaka wa marehemu Yosefu, na kwamba Nikodemo avune viazi vyake, na akishatoka asirudi. Nikodemo alitia sahihi kwa mkono uleule.

Watu walianza kupanda mteremko. Wengine walimpa Mama Yusto mkono. Yusto alikuwa amechuchumaa kando ya jiwe, anaondoa udongo uliobaki kwenye msalaba wa baba yake, na hakuwa amemtazama Germana hata mara moja tangu ofisini. Germana alielewa. Shamba limerudi, lakini zile siku kumi na tatu hakuna wa kuzichimbua na kuzirudisha. Akafunga kitenge vizuri, akaanza kuondoka zake.

"Wewe fundi," Mama Yusto aliita. "Njoo hapa."

Germana alirudi, akapiga goti, akaamkia. Mama yule aliitikia, kisha akampima kuanzia viatu hadi sweta.

"Mwanangu amekaa wiki mbili hali chakula. Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Nikodemo aling'oa mianzi ya mume wangu ardhini. Wewe ukaja ukaing'oa kwenye simu. Yeye sina haja naye. Ila wewe utaipanda, yote kumi na moja, mvua zikianza, kwa mikono yako."

"Nitapanda, mama."

"Unajua unachokubali?" Mama Yusto alitoa kitambaa kichwani, akakikung'uta, akakifunga upya bila haraka. "Huku kwetu mpaka wa shamba haupandwi na mgeni. Unapandwa na wa nyumba hiyo."

Wale mama wawili watatu waliokuwa wamebaki wakakohoa na kuangalia mtoni. Yusto aliinua kichwa. Alimwangalia mama yake, kisha akamwangalia Germana, na uso wake bado ulikuwa umekunjamana, lakini hakusema hapana.

Germana machozi yalikuwa yamefika. Mtu mwingine angelia, akashukuru, yakaisha. Yeye alimeza, na kile kinyongo chake cha tangu darasa la nne kikanyanyua kichwa.

"Nitapanda, mama, yote. Ila mashimo achimbe huyu aliyenifuta mara mbili."

Yusto alisimama. Alijikung'uta magoti.

"Nilikufuta kwa ajili ya mianzi hii hii," alisema.

"Ndiyo maana utaichimbia."

"Na zile siku kumi na tatu utanilipa na nini?"

"Sijui," Germana alisema, na safari hii hakuwa anamchezea. "Utaniambia wewe. Nitakaa hapa mpaka uniambie."

Yusto alivua jaketi, akamtupia alishike, akaliokota jembe waliloliacha vijana, akauliza kwa ukali shina la kwanza lilikuwa wapi hasa. Germana akamwonyesha. Alikaa juu ya jiwe la kufulia na jaketi mapajani, akamwangalia akichimba shimo la kwanza mpaka jasho likatoka kwenye baridi ile. Alipohamia la pili, akachota majembe machache na kutaka kupita, Germana alimwambia hilo halijafika, aongeze. Yusto alimtazama kwa hasira, akatema mate viganjani, akaongeza.